RV kwa wenye mbwa wakubwa: pima sakafu, achana na urefu

Wadau wa huku Marekani mnaofuga mbwa wakubwa, tumetoka Texas mpaka Grand Canyon na RV ya kukodi, yaani gari lenye nyumba ndani, aina ya Class C, ile yenye kichwa cha Ford E-450 na kitanda juu ya dereva. Mimi, mume wangu, German Shepherd na Great Dane.

Kwa binadamu gari liko poa, jiko safi, choo safi, milima linapanda vizuri tu. Kwa mbwa ndo kuna kazi. Ule ukuta wa sebule unaosukumwa nje mkishapaki, ukiwa nje mbwa wote wanajinyoosha raha mustarehe, ila ukiurudisha ndani muanze safari panabaki kichochoro, Dane akijilaza hapo hakuna wa kwenda chooni na yeye mwenyewe hawezi kugeuka, anatoka kinyumenyume. Na picha za matangazo karibu zote zinapigwa ukuta ukiwa nje! Ukienda kuangalia mwambie muuzaji aufunge kwanza, halafu mlaze mbwa wako chini uone.

Ngazi nazo ni za chuma zenye matundu, Shepherd wetu mzee na nyonga zinamsumbua, aligoma kabisa kukanyaga mpaka tulipozifunga zulia. Kwa mbwa wa hivyo nawashauri lile trela la kuishi lenye nafasi ya kubebea pikipiki nyuma (toy hauler), mlango wake wa nyuma unashuka mpaka chini, mbwa anatembea tu anaingia, na nyingi sakafu yake unapiga deki bila presha. Ila uwe na pikapu yenye nguvu ya kulivuta, na mbwa wakae kwenye pikapu, trela likiwa kwenye mwendo hapakai kiumbe.

AC msiichukulie poa. Grand Canyon upande wa South Rim, ukingo wa kusini, mbwa anaruhusiwa njia za juu akiwa na kamba, kushuka bondeni hapana, basi za hifadhi hapana, so ukitaka kushuka ama umpeleke kwenye banda la kulipia pale pale ama abaki kwenye gari. Umeme ukikatika mchana wa Julai, Arizona, ndani panageuka tanuri na mbwa anakufa kweli. Kuna kipimajoto kinachokutumia meseji, nunueni, ila pale mtandao unasumbua hivyo sisi tulilipia banda.

Pia someni kibandiko cha mlangoni kinachoonyesha gari linaruhusiwa kubeba uzito gani, Dane wetu peke yake anapita kilo 60, na kila lita ya maji kwenye tenki ni kilo nyingine.

Class C naipa 3 kati ya 5, trela 4.