Programu yangu ya kusomea vitabu baada ya kubadilishwa: uzoefu wangu wa miezi miwili

Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoizuia nitaieleza.

Nina miaka minne nasomea vitabu kwenye simu, karibu vyote kwenye programu hii hii. Siku nilipoisasisha nikakuta kila kitu kimehamishwa, nilishtuka. Niliogopa kwamba alamisho zangu zimepotea. Hazikupotea, na wiki ya kwanza haikuisha kabla sijaanza kuyapenda mabadiliko yenyewe.

Zamani kila kitu kilifichwa nyuma ya vile vistari vitatu, kwenye kona ya juu kushoto. Maktaba humo, alamisho humo, kutafuta humo. Mimi nashika simu kwa mkono wa kulia peke yake, hasa usiku nikiwa nimelala ubavu, na kidole gumba hakifiki kona ile mpaka niisogeze simu kiganjani. Sasa kuna upau chini ya skrini wenye sehemu nne: Ninachosoma, Maktaba, Tafuta na Mimi. Vitufe vimepanuliwa pia. Google huwaelekeza watengenezaji wa programu za Android kwamba eneo la kugusa lisipungue dp 48 kila upande, na Apple wao husema pointi 44 (dp na pointi ni vipimo vya ukubwa wa vitu kwenye skrini). Vitufe vya zamani nadhani havikufika huko, maana nilikuwa nagusa alamisho, inafunguka mipangilio. Tangu nisasishe, kosa hilo limekwisha kabisa.

Lakini kilichonifurahisha kuliko vyote ni kitufe kidogo cha Rudi.

Juzi nilikuwa sura ya tisa ya kitabu kinene cha historia. Akatajwa mtu ambaye nilijua nimeshakutana naye, ila nimemsahau ni nani. Nikashikilia kidole juu ya jina lake, nikachagua kutafuta ndani ya kitabu. Yakaja matokeo 14, yamepangwa kwa sura, kila moja likiwa na kipande cha sentensi yake, na jina limekolezwa. Nikagusa la sura ya pili, nikasoma aya mbili, nikamkumbuka. Chini ya ukurasa palikuwa na kitufe: "Rudi sura ya 9". Nikakigusa, nikatua kwenye mstari ule ule.

Asiyesoma vitabu virefu kwenye simu anaweza kuliona hili dogo. Toleo la zamani, ukiruka namna hiyo umepotea. Namba ya ukurasa haisaidii, kwa sababu vitabu vingi vya EPUB, yaani muundo wa faili wa vitabu vya kielektroniki, hujipanga upya kufuata ukubwa wa herufi na upana wa skrini: ukikuza herufi, kilichokuwa ukurasa wa 203 kinasogea mbele makumi ya kurasa. Nilikuwa naweka alamisho kabla ya kugusa tanbihi yoyote, kisha naifuta. Mara nyingi nilisahau kuiweka, na mara nyingine niliacha tu kutafuta, nikaendelea kusoma bila kuelewa. Sasa natafuta ovyo bila woga, na vitabu vigumu nimevimaliza kwa sababu hiyo.

Utafutaji wenyewe umepata akili. Nikiandika "msafri" unaniletea "msafiri". Na kuna jambo moja ambalo aliyelirekebisha namshukuru kwa moyo wote: ritifaa ya ng'. Vitabu vingi vilivyochapwa vizuri hutumia ritifaa iliyopinda, wakati kibodi ya simu yangu hutoa iliyonyooka. Kwa macho ni alama ile ile. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Zamani niliandika "ng'ombe" ndani ya kitabu kilichojaa wafugaji, nikaambiwa hakuna matokeo. Leo nimejaribu kitabu kile kile, ng'ombe wote wametoka.

Sasa ile nyota moja. Nikiwa ndani ya kitabu kimoja, nikiandika "soma" napata hata "alisoma" na "wanasoma", kwa kuwa inatafuta herufi hizo popote zilipo. Nikitafuta kwenye maktaba nzima, hao hawaonekani. Huko inalinganisha mwanzo wa neno tu. Njia hiyo inafaa lugha kama Kiingereza, ambamo maneno mengi hubadilika mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni: mtoto anakuwa watoto, kitabu kinakuwa vitabu, na kitenzi hubebeshwa nafsi na wakati mbele ya mzizi. Nina vitabu kadhaa vyenye neno "vitabu" kwenye jina. Nikiandika "kitabu" haviji. Inabidi nitafute mara mbili, umoja kisha wingi. Jino na meno siwalaumu, hata kanuni nzuri ingehitaji orodha ya maneno ya aina hiyo. Lakini ki- na vi-, m- na wa-, hizo zinajulikana, na programu inayouza vitabu vya Kiswahili inapaswa kuzijua. Nimewaandikia watengenezaji nikiwapa mifano hiyo hiyo. Wamejibu kwamba wameipokea.

Kuna na kero nyingine ndogo: sehemu ya Tafuta huchanganya vitabu vyangu na vya dukani, tena vya dukani huja juu. Bahati nzuri hili lina dawa. Ingia Mimi, fungua mipangilio ya utafutaji, uzime matokeo ya duka. Tangu hapo utaona vyako tu. Na ukiwa humo humo, washa kutafuta bila mtandao. Inachukua dakika chache kuvipitia vitabu ulivyopakua, na baada ya hapo hata simu ikiwa haina intaneti, majibu yanakuja papo hapo.