Yamaha AG200 kwenye Njia za Changarawe za West Nile: Uzoefu Wangu

Maelezo haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu anayetafuta pikipiki ya kupita barabara za vumbi kwa saa nyingi, akafika anakokwenda mgongo ukiwa mzima na mikono ikiwa bado na nguvu ya kazi. Mimi ni tabibu wa mifugo wa kujitegemea wilayani Yumbe, kwenye eneo la West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kazi hunipeleka kwa wafugaji walio mbali na lami: vijiji vya upande wa mto Kochi, maeneo yanayozunguka makazi ya wakimbizi ya Bidibidi yaliyofunguliwa mwaka 2016, na mara nyingine Moyo hadi kwenye kivuko cha Laropi. Nyuma ya kiti hubeba kasha la barafu lenye chupa za chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, na juu yake mfuko wa dawa. Kwa hiyo ninapotaja starehe sizungumzii anasa. Mtu aliyetikiswa tangu asubuhi hana mikono ya kumshika ndama anayerusha mateke, na mkono unaotetemeka haufai kushika sindano.

Kabla ya kutoa fedha nililinganisha pikipiki tatu ambazo mtu wa hapa anaweza kuzipata bila kuhangaika sana, nazo ni Bajaj Boxer 150, Yamaha XTZ125 na Yamaha AG200.

Boxer ndiyo inayobeba Uganda, na sababu zake zinaeleweka. Spea zake unazikuta hata kwenye senta yenye maduka matatu, kila fundi anaifahamu, mafuta inakunywa kidogo, na kiti chake kirefu kinampokea abiria pamoja na gunia lake. Kwa mjini na kwa masafa mafupi sina neno dhidi yake. Tatizo la mtu kama mimi ni kwamba magurudumu yake ni ya inchi 17, ilhali pikipiki zilizoundwa kwa ajili ya njia mbaya mara nyingi huwa na gurudumu la mbele la inchi 21. Tofauti hiyo ukiitazama dukani huioni kuwa kubwa, lakini njiani ndiyo inayoamua mambo. Gurudumu dogo hutumbukia ndani ya shimo kisha likagonga ukingo wa upande wa pili, na pigo hilo huja moja kwa moja kwenye viganja na mabega. Gurudumu kubwa hugusa ukingo mapema zaidi na kuupanda polepole, shimo lilelile likapita chini yako bila kukushtua. Lingine ni mahali pa kuwekea miguu. Kwenye pikipiki ya kubebea abiria dereva hukaa wima, magoti yakiwa mbele, na akitaka kusimama hulazimika kujivuta kwa mikono. Kwenye njia zetu kusimama si mbwembwe. Ndiyo njia ya kuuokoa uti wa mgongo, kwa sababu magoti yaliyokunjwa kidogo hufanya kazi ambayo hakuna shokapu inayoweza kuimaliza peke yake.

XTZ125 ilinivutia sana, na bado naiheshimu. Ina gurudumu la inchi 21 mbele na la inchi 18 nyuma, breki ya mbele ya diski, shokapu moja ndefu nyuma, na wepesi unaomfanya mtu aigeuze kwenye kijinjia chembamba bila jasho. Kijana mrefu anayesafiri peke yake na mkoba mgongoni ningemwambia aichukue leo. Kwangu ilikwama mahali pawili. Kiti chake kiko kwenye kimo cha milimita 840 hivi na ni chembamba, na mtu wa kimo changu akiwa na kasha zito nyuma hushindwa kukanyaga chini kwa uthabiti anaposimama kwenye mchanga. Kisha injini ni ya cc 124, na ukiipandisha mlima na mzigo unailazimisha kunguruma muda wote. Mngurumo huo hupita kwenye usukani na vikanyagio kama ganzi ndogo, mpaka ukishuka vidole vinawasha. Mtikisiko wa injini nao huchosha, ingawa wanunuzi wengi hufikiria mashimo tu.

AG200 niliijua kwa kuwaona nayo wafanyakazi wa mashirika. Herufi hizo mbili za jina lake zinahusu kilimo, kwa kuwa Yamaha waliiunda kwa ajili ya wakulima na wafugaji, hasa wa Australia na New Zealand, watu wanaozunguka mashamba makubwa kutwa nzima kwa mwendo wa wastani. Ukilijua hilo, mambo yake yote yanaeleweka. Injini ni ya cc 196, inapozwa kwa hewa, na haina haraka. Nguvu yake iko chini, kwenye mzunguko mdogo, kwa hiyo unapanda kilima ikivuta taratibu bila kelele. Magurudumu ni ya inchi 21 na 18. Keria iko nyuma na nyingine mbele, na huu ndio uzuri ambao sikuutarajia kuuona mkubwa hivyo: mfuko wa dawa ukihamia mbele, sehemu ya nyuma haining'inii tena, na usukani hauelei kwenye mchanga kama inavyokuwa mzigo wote ukiwa nyuma.

Mnyororo umefunikwa wote ndani ya kava. Mtu wa mjini huenda asione kuwa hilo linahusiana na starehe. Kwenye vumbi jekundu la mwezi wa kwanza na wa pili, mnyororo ulio wazi hula mchanga, hulegea, na pikipiki huanza kuruka kwa vishindo vidogo kila unapoachia na kushika mafuta. Ukiwa umefunikwa, mvuto unabaki laini kwa miezi mingi, na mafuta ya mnyororo hayakurukii kwenye suruali. Vilevile ina stendi upande wa kushoto na wa kulia, ukaegesha popote ardhi inapolalia, na ina kizuizi kidogo kwenye mkono wa klachi kinachoushikilia ukiwa umebanwa. Nikifika kwenye zizi nabana klachi, nasukuma kizuizi kwa kidole, nashuka kufungua miiba ya mlangoni injini ikiwa inanguruma ndani ya gia, kisha narudi na kuingia. Aliyeibuni pikipiki hii aliwahi kufungua na kufunga malango mengi, au aliwasikiliza vizuri waliofungua.

Uamuzi wenyewe sikuufanyia dukani, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Dukani kila kiti ni kizuri. Sponji laini humkarimu mnunuzi kwa dakika ya kwanza, lakini baada ya saa moja imeshalala, na unakuwa umekaa juu ya plastiki ya chini. Niliwaomba wenzangu wenye pikipiki hizo wanikabidhi kwa nusu siku kila moja, nikafunga mzigo wangu halisi, nikaenda njia ileile: kipande cha changarawe chenye vijituta vya mfululizo, mteremko wa mawe, kisha mchanga wa kwenye mkondo wa mto mkavu. Jambo la kuangalia ni jinsi pikipiki inavyokaa ukishaikalia na mzigo wako. Ikishuka nyuma mpaka karibu na mwisho wa shokapu, basi umeshatumia nafasi yote kabla ya safari kuanza, na kila shimo litakuwa kishindo cha chuma kwa chuma. Isiposhuka kabisa, springi ni ngumu kuliko uzito wako, nayo itakurusha. Kiasi kizuri ni kushuka kwa robo au theluthi ya nafasi yote. Kisha simama juu ya vikanyagio na ushike usukani: ukilazimika kuinama sana, kiuno kitalalamika kabla ya saa kumi na moja jioni.

AG200 ilishinda kwenye kila kipande isipokuwa mteremko, nami nitaueleza hapa chini. Niliipata iliyotumika, kutoka kwa shirika lililokuwa likiuza pikipiki zake kwa mnada. Njia hii ni nzuri kwa mfuko, kwa sababu mpya ina bei ambayo watu wachache wa kipato changu wanaweza kuimudu, lakini ina mambo yake. Pikipiki nyingi za mashirika huingia nchini kwa msamaha wa ushuru, na ushuru huo hudaiwa zinapohamia kwa mtu asiye na msamaha. Uliza mapema nani atalipa, taka risiti ya URA, yaani mamlaka ya mapato ya Uganda, na ulinganishe nambari ya chesisi na iliyo kwenye logibuku kwa macho yako mwenyewe.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote lilikuja baada ya kununua, nalo lilikuwa la gharama ndogo. Shokapu za mbele zilionekana nzima, mipira yake ya kukunjana haikuwa imepasuka, lakini usukani ulikuwa ukidunda mara mbili tatu baada ya kila tuta. Fundi alipofungua skrubu za chini, mafuta yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya majivu, yenye mng'ao wa unga wa chuma, na machache kuliko inavyotakiwa. Tukasafisha, tukaweka mafuta mapya ya shokapu kwa kipimo kilekile kila upande, tukabadilisha sili. Baada ya hapo gurudumu la mbele lilikuwa likipanda tuta, likishuka, likatulia. Watu wengi hutupa lawama kwa pikipiki wakati kinacholia ni mafuta yasiyobadilishwa tangu ilipotoka kiwandani. Fundi huyohuyo alizungusha kila gurudumu na kugonga spoku moja baada ya nyingine kwa spana ndogo; iliyokaza hutoa mlio mwembamba, iliyolegea hutoa sauti butu, na kwenye gurudumu la nyuma zilikuwapo kadhaa za sauti butu. Spoku zilizolegea huifanya rimu iyumbe, na mwendeshaji huhisi uchovu asioujua unatoka wapi.

Kiti nacho nilikipeleka kwa fundi wa viti. Sikumwomba aongeze ulaini. Nilimwomba aweke sponji ngumu iliyoshindiliwa chini na tabaka jembamba laini juu, na apanue kidogo sehemu ya nyuma bila kugusa ile ya mbele inayokaa kati ya mapaja. Mara ya kwanza kukikalia mtu hudhani ni kigumu. Kwenye saa ya pili ndipo unapokishukuru.

Upepo wa tairi ni starehe ya bure, na inanisikitisha kuona jinsi unavyopuuzwa. Vijana wa vituo vya upepo hujaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, wakiamini wanamsaidia mteja. Kwa mzigo wangu wa kawaida mimi huweka pauni 20 mbele na 24 nyuma, na huongeza ninapojua nitashika lami ya Koboko kwenda Arua. Chini ya hapo kuna hatari ya rimu kuubana mpira wa ndani kwenye mawe na kuutoboa, kwa hiyo asiigize mtu bila kuangalia uzito wake na njia yake. Kwenye vijituta vya mfululizo, mwendo wa kilometa 50 kwa saa hutikisa kidogo kuliko 20, kwa kuwa gurudumu hupita juu ya migongo badala ya kushuka kwenye kila bonde. Ila lazima ukumbuke kwamba tairi linalopita juu ya migongo halishiki ardhi sawasawa, na hapo breki na kona havina uhakika. Mbele ya watoto, mbuzi au kona, punguza mapema na ukubali kutikiswa.

Sasa mteremko. Breki zote mbili za AG200 ni za drami, yaani viatu vya breki hubana ndani ya kitovu cha gurudumu. Zina faida yake, kwa sababu tope na mchanga haviziharibu upesi na matengenezo yake ni rahisi, lakini aliyezoea diski ataona kwamba zinataka mkono wenye nguvu zaidi na nafasi ndefu zaidi ya kusimama, hasa ukiwa na mzigo. Hapo XTZ125 ni bora. Mimi hushuka kwa gia ya pili na kuiacha injini izuie, na nimezoea, ila mtu anayeishi kwenye milima mikali, kama Kapchorwa au Kabale, inafaa alipime jambo hili kwa uzito kuliko mimi ninavyolipima. Mtu mfupi naye aijaribu kwanza, kwa sababu nayo ina kimo. Na anayesafiri zaidi kwenye lami aiache, kwani haikuumbwa kwa ajili ya mbio, na ukiilazimisha kwenda kasi kwa muda mrefu, utulivu wote niliousifu hutoweka.

Spea za kawaida kama nyaya, plagi, viatu vya breki na tairi zenye meno huwa nazipata Arua, na nyingine huagiza kwenye maduka ya Kisekka jijini Kampala zikaja kwa basi. Kava ya mnyororo, mipira ya kukunjana ya shokapu na kizuizi cha klachi ndivyo vitu vya kuhakikisha viko kamili siku ileile ya kununua iliyotumika, kwa kuwa wauzaji wengi huvitoa na kuviuza peke yake, na huku kwetu havipatikani.