Iron Hands: Usijaze HP, Jaza Sp. Def

Habari zenu wadau, karibuni. Leo tunamchambua Iron Hands, Pokémon wa gemu la Pokémon Violet, tukimjenga kwa mapambano ya wawili kwa wawili, levo ya 50. Niseme msimamo wangu mapema: wengi wanamjenga vibaya, na kosa linaanzia kwenye HP, yaani uhai wake.

Tazameni namba zake za asili. HP 154, Attack 140, Defense 108, halafu Sp. Def (kinga dhidi ya mashambulizi maalumu) 68 na Speed 50. Huyu kazaliwa na mwili mkubwa tayari. Mlete levo ya 50 bila EV (pointi za mazoezi zinazokuza takwimu) hata moja, ana HP 229. Mmwagie EV 252 zote kwenye HP, anafika 261, ongezeko la asilimia 14. Sasa EV hizohizo zipeleke Sp. Def: inatoka 88 inafika 120. Hiyo ni asilimia 36! Uimara ni HP mara kinga, kwa hiyo faida kubwa iko kwenye upande uliopungukiwa. Kweli HP inasaidia kinga zote mbili, lakini huyu shida yake ni moja, ni mashambulizi maalumu.

Na kifaa chake ni Assault Vest, inayoongeza Sp. Def kwa nusu. Inazidisha kile inachokikuta: 88 inakuwa 132, ila 120 inakuwa 180. Ndiyo maana vest na EV za Sp. Def zinakwenda pamoja.

Tumjaribu kwa Pokémon mpinzani, Flutter Mane, mwenye tabia ya Modest inayoongeza Sp. Atk (nguvu ya mashambulizi maalumu), EV 252 za Sp. Atk, bila kifaa, anapiga Moonblast, pigo la Fairy. Iron Hands asiye na EV wala vest anapigwa kati ya 252 na 296. Ana 229, kwa hiyo anakufa kwa pigo moja, kila mara. Ukiwa umejaza HP ukafika 261, bado mara nyingi anakufa. Wetu wa leo, mwenye vest na mgawo ninaoutaja hapa chini, anapigwa kati ya 126 na 150, na ana HP 230. Anabaki amesimama, na zamu inayofuata ni yake.

Mgawo wangu ni huu: HP 4, Attack 156, Defense 100, Sp. Def 244, Speed 4. Tabia iwe Adamant, inayoongeza Attack. Mtapata HP 230, Attack 198, Defense 141, Sp. Def 119 (ukivaa vest 178) na Speed 71. Hiyo 4 ya Speed msiidharau. Iron Hands wengi wana 70 kamili, na wawili wakikutana, wako anatangulia. Namba hizi pia si za kubahatisha: kwenye levo ya 50, EV 4 za kwanza zinaleta pointi moja, baada ya hapo kila pointi inataka EV 8. Ukiweka 160 badala ya 156 umetupa EV 4 bure.

Kwa vitamini: Protein 15 za Attack, Iron 10 za Defense, Zinc 24 za Sp. Def. Kila moja inaongeza EV 10 na inauzwa 10,000, kwa hiyo andaa 490,000, pamoja na 20,000 ya Adamant Mint kama tabia yake ni nyingine. Zile EV 18 zilizobaki malizia kwa manyoya, kila unyoya EV 1. Angalizo: kama ulishamtumia kupigana porini, tayari ana EV za ovyo. Bonyeza L kwenye ukurasa wa takwimu zake uone mchoro. Ukiona Speed imevimba, mpe tunda la Tamato, linashusha 10 kila moja. Usipomsafisha kwanza, jumla inagonga 510 kabla hujamaliza na vitamini zinakataa.

Mapigo manne: Fake Out (pigo la kutangulia linalomkosesha mpinzani zamu), Drain Punch, Wild Charge, Heavy Slam. Drain Punch inamrudishia nusu ya dameji aliyopiga, ndiyo inayomweka hai. Wild Charge ina nguvu 90 lakini inamuumiza mwenyewe robo ya dameji. Ukiona inakumaliza, weka Thunder Punch yenye 75. Heavy Slam wengi wanaiacha, na mimi siiachi. Fake Out na Drain Punch hazimgusi Flutter Mane kwa sababu ni wa aina ya Ghost. Nguvu ya Heavy Slam inategemea tofauti ya uzito: Iron Hands ana kilo 380.7, Flutter Mane kilo 4, kwa hiyo inafika nguvu 120, ni pigo la Steel linaloumiza Fairy mara mbili, na kwa mgawo huu inapiga angalau 238. Flutter Mane asiye na EV za HP ana 130 tu.

Yanayomwangusha: mapigo ya aina ya Ground, Psychic na Fairy. Tera Grass (kumgeuza awe aina ya Grass katikati ya pambano) inaondoa udhaifu huo wote watatu, na inazuia Spore, pigo la kulaza usingizi, pia. Vest hairuhusu Protect, pigo la kujikinga, hivyo mpange na mwenzake wa kumkinga, Amoonguss na Rage Powder inayovuta mapigo kwake kwa mfano. Indeedee msimpange naye, Psychic Terrain yake inazuia mapigo ya kutangulia, inaiua Fake Out yenu wenyewe. Mchungeni Knock Off, pigo linalong'oa kifaa, maana vest ikitoka Sp. Def inarudi 119. Intimidate ya Incineroar na kuunguzwa na Will-O-Wisp vinamkata mikono, yaani mapigo yake yanapungua nguvu, Drain Punch ikapungua na tiba ikapungua nayo.

Kwa timu ya Trick Room, pigo linalofanya wa polepole watangulie, toa ile Speed 4 na tumia Brave, tabia inayopunguza Speed. Speed inashuka hadi 63, na kwa IV (pointi anazozaliwa nazo) 0 inafika 49. Iron Hands hatagi mayai, kwa hiyo IV ya 0 mnaitafuta kwa kumkamata tena na tena Area Zero, eneo anakopatikana. Mkimpata, msimpe Gold Bottle Cap. Itapandisha takwimu zote, na ile Speed ndogo mliyoihangaikia itapanda nazo.