Sanduku la maoni la watoto, mtoto haruhusiwi

Jina la maktaba naliweka kapuni. Ni huku huku Nyanda za Juu Kusini, tulitoka Mbeya na Kosta asubuhi ya baridi kali, mimi na binti yangu wa darasa la nne. Shuleni kwao walipelekwa kuona Ziwa Ngosi, akarudi na swali moja: ziwa limepandaje juu ya mlima? Nikamjibu nijuavyo, kwamba volkano ililipuka zamani, kilele kikabomoka, likabaki shimo, maji yakajaa. Hakuridhika. Anataka kitabu, tena cha Kiswahili, chenye picha.

Chumba cha watoto kipo, ukutani wamechora twiga. Kitabu hakipo. Kwa hilo sina ugomvi, vitabu ni hela. Binti akachana karatasi ya daftari, akaandika: "Naomba kitabu cha volkano na Ziwa Ngosi." Akaikunja mara nne. Sanduku la maoni limo humo humo, lakini limepigiliwa juu kiasi kwamba hata mimi nainua mkono. Akavuta kiti.

Dada wa mezani akaja juu. "We mtoto, shuka! Hilo la wakubwa." Binti akashuka, akamwamkia shikamoo. Kimya. Yule dada akanigeukia mimi: "Mama, huyu ndiye atatupangia vitabu?"

Ndiyo dada, ndiye! Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki maamuzi yanayomhusu. Mimi si mwanasheria, nilisikia kwenye kikao cha wazazi, lakini siku hiyo niliitamka kama hakimu. Viti vya chumba kile vinafika magotini kwangu. Sasa maoni yawe ya nani, ya twiga?

Nilishaamua: maktaba hii naipa nyota moja, basi. Na hiyo ya mchoraji.

Ndipo akatokea kijana aliye mafunzo kwa vitendo, akauliza kulikoni. Akatafuta ufunguo, akalifungua sanduku. Vocha za simu zilizokwanguliwa, na ganda la pipi. Maoni, hata moja. Alicheka kwa aibu, maskini. Kisha akamsimamisha binti ukutani, akachora alama ya penseli usawa wa bega lake. "Hapa unafika?" Anafika. Akaenda kuazima nyundo kwa mlinzi, akalipigilia pale pale kwenye alama. Karatasi ikawa ya kwanza kuingia.

Nikapandisha hadi nyota nne, nisiwe mchoyo. Kwenye gari nikaikumbuka ile shikamoo iliyoachwa hewani, nikashusha hadi mbili. Labda mbili na nusu. Yule dada hakuomba hata radhi, alikuwa anatuangalia tu huku anakunywa chai.

Binti anasema nipeleke tano, kwa ajili ya nyundo. Jumamosi anataka turudi, akaone kama karatasi yake imeshatolewa.