Kozi ya skripti: mwalimu kasikia kurasa tatu kasema mwisho ameshaujua

Mimi huwa siandiki maoni ya vyuo, nasoma za wengine nacheka napita, ila hii imenikaba kooni muda mrefu sasa. Nilisoma kozi ya uandishi wa skripti za filamu kwenye chuo kimoja hapa Dar, sikitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Mambo ya ada, vipindi, sijui cheti, mtayaona kwenye bango lao. Mimi nina jambo moja tu nalo ni shikamoo.

Kulikuwa na zoezi la kuandika skripti fupi, kila mtu ya kwake isomwe darasani. Wenzako wanagawana wahusika, mmoja anasoma maelezo, mwalimu anasikiliza afu anatoa maoni. Hicho ndo kilichonipeleka pale, maana ukijisomea mwenyewe wahusika wote wanaongea kwa sauti yako, mpaka mwenzako akisome kitu ndo unasikia palipo pakavu.

Yangu ilikuwa ya binti anarudi kwao Tanga likizo anakuta mama kaolewa na yeye hajaambiwa. Mzee mwenyewe kakalia kiti cha marehemu baba. Binti anaingia, shangazi shikamoo, marahaba, jirani shikamoo, marahaba, anafika kwa yule mzee anaweka begi chini anauliza maji ya kunywa yako wapi. Basi. Mama anaacha kukoroga chungu. Hiyo ndo sini yenyewe jamani, hakuna kofi hakuna kelele, ila yeyote aliyelelewa nyumba za kwetu anajua hapo vita imeshatangazwa.

Ukurasa wa tatu mwalimu akanyoosha mkono, inatosha. Akatoa peni nyekundu akaanza kukata salamu zote, moja moja, darasa linamtazama. "Binti, ukurasa mmoja ni dakika moja kwenye skrini, wewe dakika nzima watu wanaamkiana, unatuandikia filamu au barua kwa bibi?" Kicheko. Afu akaongeza kuwa mwisho wake ameshaujua. Nikamuuliza kwa adabu kabisa, mwalimu, mwisho wake ni upi? Akasema binti anakufa.

BINTI HAFI. Hakuna anayekufa kwenye skripti yangu hata kuku! Mwisho wake binti anamwamkia yule mzee, mbele ya watu, na mzee haitikii. Nikawa nataka kusema hivyo, simu yake ikaita, akatoka nje akawa anaongea mambo ya tairi za gari tunamsikia wote, aliporudi akasema anayefuata.

Sasa nisikilizwe vizuri, sheria yenyewe siipingi. Ingia kwenye tukio umechelewa, toka mapema, hiyo ni sheria nzuri na Bongo Movie tunaihitaji kuliko maji. Mnazijua zile filamu, gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia taratibu, mtu anashuka, anatembea mpaka mlangoni, hodi, karibu, za siku, nzuri, unakunywa nini, na hadithi bado haijaanza. Hayo kata, kata yote. Ila salamu ya kujaza muda na salamu ambayo mtu kanyimwa mbele ya shangazi zake ni vitu viwili, na mtu aliyezaliwa na kukulia hapa hapa, tena mzee mwenye wajukuu ambaye darasani usipomwamkia ananuna, ashindwe kuona hilo?

Na hiyo hesabu yake ya dakika nayo. Ukurasa mmoja dakika moja ni makadirio tu ya kumsaidia prodyuza kupanga, tena ukiwa umepangilia kama Wamarekani wanavyopangilia, fonti ya Courier saizi 12. Kurasa za vitendo zinazidi dakika, za majibizano mafupi zinaisha mapema. Shikamoo na marahaba kila moja inakaa mstari wake, juu yake jina la mhusika, chini nafasi, kwa hiyo karatasi inajaa lakini kuzitamka ni sekunde. Courier kila herufi nafasi ni ile ile, andika "hatutamsalimia" uone linavyokula zaidi ya theluthi ya mstari wa mazungumzo. Nilitegemea hayo ndo tufundishwe, yaani Kiswahili kinakaaje kwenye ule mpangilio, wapi.

Haya, haki yake nimpe. Wiki za mwanzo alikuwa moto. Ukiandika "Asha anakumbuka utoto wake" anakuuliza kamera itaonaje? Ukiandika "ana huzuni" anakuuliza huzuni anaifanyia nini, mikono yake iko wapi. Tangu hapo siandiki tena kitu kisichoonekana wala kusikika, na hilo nimelipata kwake, sio YouTube. Pia ndo alitueleza ile sheria ya filamu ya mwaka 1976, kwamba kurekodi ni kwa kibali na skripti inatakiwa kwenye maombi, wakati wengi wetu tulidhani watu wanaamka tu na kamera. Kwa hayo ningempa nyota nne.

Lakini nikikumbuka tairi, hapana, mbili. Nilienda mpaka ofisini kuomba skripti yangu isomwe yote, dada wa pale hata kichwa hakuinua, akasema mwalimu akishapitisha kapitisha. Na maksi nilipewa nzuri tu, ndo kinachoniuma zaidi, angenifelisha ningejua kasoma akachukia. Kasahihisha nini sasa, skripti yangu au ile ya msiba aliyoiandika yeye kichwani?

Kwa anayetaka kujiunga nadhani usajili wanafungua karibuni. Masomo ya mwanzo yana faida kweli, nenda. Ila kama una hadithi unayoipenda usiipeleke pale, mpelekee ya gari na geti. Au bora usiende kabisa, tafuteni watu wanne watano mkae mahali mgawane wahusika msomeane mpaka ukurasa wa mwisho, mimi na wenzangu wawili wa darasa lile ndo tunavyofanya sasa hivi, na zile shikamoo zangu zote nimezirudisha.