Fyuzi ya betri ya sola: ipi ununue ukiwa Tanga

Ukiomba fyuzi ya betri kwenye duka la vifaa vya umeme Ngamiani, utaulizwa: ya ampea ngapi? Uliza na wewe: inakata shoti ya ampea ngapi bila kupasuka? Betri ya risasi ya Ah 100 ikipigwa shoti hutoa ampea zaidi ya 1,000, na lithiamu haina mchezo kabisa.

Kwa inveta ya nyumbani yenye betri ya risasi, namba moja ni ANL, ile bapa inayofungwa kwa nati mbili. Hukata hadi ampea 6,000 kwenye volti 32. Fyuzi aina ya Mega ina bei nafuu zaidi, ila mwisho wake ni 2,000. Mwenye lithiamu anunue fyuzi ya Class T, yenye uwezo wa 20,000. Bei yake inauma; lipa tu.

Namba mbili ni breka ya DC (yaani ya umeme wa betri), maana unaizima kwa mkono. Ikiwa na alama za + na −, zifuate, kwani ikifungwa kinyume huenda isizime cheche. Breka ya AC (ya umeme wa TANESCO) ambayo fundi atakwambia “hii hii inafaa” ikatae. Umeme wa TANESCO hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche hupata nafasi ya kufa. Wa betri haupiti sifuri, na cheche inaweza kuendelea kuwaka humo ndani mpaka plastiki iyeyuke.

Fyuzi za gari (nyekundu 10, bluu 15, njano 20) ni za taa, feni na chaji ya simu. Za kioo ziache dukani.

Ukubwa sasa. Inveta ya wati 1,000 kwenye volti 12 huvuta karibu ampea 100 ukihesabu na upotevu. Ongeza robo, upate 125. Waya nao uwe wa kubeba hizo, mathalani milimita za mraba 35, kwa sababu fyuzi inalinda waya. Ifunge upande wa chanya, isizidi sentimita 20 kutoka betri. Kipande kilicho kabla yake hakina mlinzi.

Wa Raskazone na Deep Sea, chagueni kishikio chenye mfuniko na vichwa vilivyopakwa bati. Upepo wa chumvi huotesha ukijani kwenye shaba, muungano unapata moto, na fyuzi inakatika bila kosa. Kaza nati kwanza, ndipo upake grisi juu.