Kalankoe sebuleni kwangu: ua lisilotaka maji mengi wala taa ya usiku

Nimenunua kalankoe mbili. Ya kwanza niliiua ndani ya wiki tatu. Ya pili ninayo mpaka leo, imepita mwaka mmoja na miezi kadhaa, na imeshanitolea maua kwa jasho langu mwenyewe. Kwa hiyo wewe uliyesimama kando ya barabara ukitazama vile vikopo vya maua mekundu na ya machungwa, ukijiuliza utoe hela au upite zako, nisikilize kwanza.

Mimi nilitoa. Shilingi elfu nane, kwenye kitalu cha barabarani hapa Dar es Salaam, baada ya kuanzia kwenye kumi na mbili. Muuzaji hakujua jina la ua hilo, aliliita "hili la majani manene". Nililipenda palepale. Ua lenyewe ni dogo kuliko kifungo cha shati, lina petali nne tu, lakini yamebanana mamia kwa mamia juu ya shina moja hadi kwa mbali unaona kama kitambaa. Majani yanang'aa utadhani yamepakwa mafuta ya nazi.

"Dada, hili halisumbui," akaniambia. "Maji asubuhi, maji jioni, basi."

Nikafanya hivyohivyo, kwa bidii. Nikaenda na dukani nikanunua chungu cheupe cha kauri, kizuri kweli, cha kuweka juu ya meza ya sebule. Hakikuwa na tundu chini. Wiki ya pili majani ya chini yakaanza kulegea. Nikadhani lina kiu, nikaongeza maji. Wiki ya tatu nililishika shina likabaki mkononi mwangu, jeusi kwa chini, linanuka kama mtaro. Niliporudi kitalu kulalamika, yule bwana alicheka: "Labda limepigwa kijicho." Kijicho! Chini ya kile chungu kulikuwa na maji ya vidole viwili.

La pili nililinunua siku hiyohiyo, kwa hasira, na safari hii nikaanza kwa kusoma. Ndipo nikajua kwamba huu mmea kwao ni jirani kabisa, Madagaska, kule kaskazini kwenye milima ya Tsaratanana. Mfanyabiashara wa mbegu wa Ujerumani, Robert Blossfeld wa Potsdam, ndiye aliyeuingiza sokoni Ulaya mwaka 1932, na jina lake la kitaalamu, Kalanchoe blossfeldiana, limetokana naye. Yaani umetoka ng'ambo ya maji yetu haya, ukaenda Ulaya ukawa ua la dirishani, halafu ukaturudia sisi kwenye kopo la plastiki bila jina.

Hilo la milimani ndilo lililonifungua macho. Huu si mmea wa joto la pwani. Umezoea miamba inayokauka haraka, na maji yake unayahifadhi ndani ya majani. Hata kupumua unapumua tofauti na mchicha: mchana unafunga vitundu vya majani ili maji yasipotee, usiku ndiyo unafungua. Sasa mtu kama huyo unamnywesha mara mbili kwa siku za nini?

Udongo wa kitalu niliutupa wote. Ulikuwa mweusi, mzito, ukiufinya unabaki donge. Nikachanganya udongo wa bustani kopo moja, mchanga mnene wa ujenzi kopo moja, na nusu kopo la mkaa nilioupondaponda. Tafadhali usichote mchanga wa ufukweni, una chumvi. Chungu nikachukua kile cha udongo wa kufinyanga, chekundu, cha bei rahisi, chenye tundu. Kile cha kauri sasa ninawekea vijiko.

Maji? Kwangu ni kila baada ya siku kumi hivi, na wakati wa masika, hewa ikiwa imelowa, inafika hata wiki tatu. Lakini sihesabu siku, nanyanyua chungu. Kikiwa chepesi namwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha namwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kikiwa kizito nakiacha. Kisha kuna kitu ambacho ningeambiwa mapema kingeniokolea elfu nane: jani lenye kiu na jani linalooza yote mawili hulegea, ila hayafanani. Lenye kiu huwa jembamba na lenye mikunjo, kama vidole baada ya kufua nguo asubuhi nzima, ukilibonyeza linapinda. Linalooza huwa limevimba maji, rangi imefifia, karibu uone upande wa pili, na ukiligusa tu linadondoka. La kwanza lipe maji leo. La pili acha maji kabisa, kata sehemu ya juu ambayo haijaoza uipande upya, kabla ugonjwa haujapanda.

Maua niliyonunua nayo yalikaa mwezi na nusu, si haba, maana waridi la kwenye chombo halimalizi wiki. Yakakauka, nikakata vikonyo vyake. Halafu kimya. Mwezi, miezi mitatu, mitano. Majani yananenepa, yanapendeza, maua hakuna. Hapa wengi hulitupa wakanunua jingine, na nadhani wauza vitalu wanalijua hilo vizuri.

Tatizo lilikuwa taa. Kalankoe hupanga maua kwa kuhesabu giza. Inataka usiku mrefu, wa saa kumi na tatu au kumi na nne, kwa muda wa wiki sita hivi mfululizo, na giza liwe giza kweli. Ukiwasha taa katikati ya usiku hata kwa dakika chache, hesabu inaharibika. Sasa sebule yangu: tamthilia mpaka saa tano, watoto na madaftari yao, na taa ya ulinzi ya jirani inayopiga dirishani kwangu mpaka alfajiri. Maskini, lilikuwa linaona mchana mmoja usioisha. Mgao wa umeme ulipopamba moto, nadhani katika nyumba nzima ni hilo peke yake lililofurahi.

Basi mwanzoni mwa Juni nikaanza kulilaza. Kila jioni saa kumi na mbili nalifunika kwa boksi la karatasi ngumu lililokuja na feni, juu natandika khanga iliyochakaa kuziba mianya. Saa mbili asubuhi nalifunua na kulirudisha dirishani linakopata jua la asubuhi. Nyumba nzima ilinicheka. Mwanangu wa mwisho akawa ananikumbusha, "Mama, ua lako halijalala." Siku mbili nilisahau kwa sababu ya wageni, lakini sikukata tamaa. Mwishoni mwa Julai, katikati ya majani ya juu, nikaona vichwa vya kijani vidogo kama punje za ulezi. Mwanzoni mwa Septemba vikapasuka, machungwa tupu.

Nilichagua Juni makusudi. Ndiyo miezi ya kipupwe, na usiku wenye joto sana huchelewesha maua hata giza likitosha. Nilijaribu tena Januari kwa tamaa, boksi lilelile, wiki sita zilezile, sikupata hata kichwa kimoja, nikaishia kuwa na ua linalotoka jasho. Aliye Lushoto au Arusha nadhani ananicheka hapa.

Mengine madogo. Niliwahi kuona vidung'ata, wale weupe kama nyuzi za pamba, wamejificha mahali jani linapoungana na shina. Nikawafuta kwa pamba iliyolowa spiriti, mara tatu ndani ya wiki mbili, wakaisha. Vipande nilivyokata niliviacha kivulini siku tatu jeraha likauke ndipo nikapanda, na vyote vinne vikashika. Majirani wawili wameshapata vyao. Na kama una paka, au mbuzi anayezurura uani, liweke juu wasikolifikia. Lina sumu inayoshambulia moyo wa mnyama, na maua ndiyo mabaya zaidi. Paka wangu alishawahi kulinusa, na siku hiyohiyo ua likahamia kwenye rafu ya juu.

Nikitoa alama: ua lenyewe nne kati ya tano. Moja nimekata kwa sababu ya joto letu na ile kazi ya boksi, si kila mtu ana subira ya kulaza ua. Kitalu nakipa mbili, moja ya bei na moja ya kwamba mmea waliouza ulikuwa mzima. Ushauri wao sitaki hata kuuhesabu. Chungu cha kauri sifuri, ingawa vijiko vinakaa vizuri.

Kwa sasa lina machipukizi mapya manne na halina ua hata moja, na silidai. Boksi la feni nimelikunja nyuma ya kabati, na juu yake mwanangu ameandika kwa kalamu nene: KITANDA CHA UA, USITUPE.